Hita Moja, Mapaa Manne

Siku Phumezo aliposoma lile tangazo, alikuwa amekwenda ofisini kwa shughuli nyingine kabisa, ambayo kwa heshima ya marehemu hatutaitaja. Alikuwa kwenye foleni, mkononi ameshika cheti cha kifo cha mtu ambaye asubuhi ile alikuwa amekunywa uji wake vizuri tu, macho yake yakatua ukutani. Kwa sababu ya ukame na umeme unaokatika kila kukicha, serikali itamrudishia randi elfu nane kila mwenye nyumba atakayeweka hita ya jua juu ya paa na tangi la kukinga mvua chini yake. Sharti ni moja: mkaguzi afike, aone, apige picha, agonge mhuri.

"Aone," Phumezo akanong'ona. "Hawakusema kitu kilekile asikione mara nne."

Akatoka kwenye foleni. Marehemu akapata nafuu.

Wiki ileile aliuza gari lake jekundu, alilolipenda kuliko wanawake wote watatu waliowahi kupanda ndani yake, na fedha yote akanunulia hita moja na tangi moja. Basi kila alichokuwa nacho duniani sasa kilikuwa bati, kioo na plastiki. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nyumba nne, nusu ya ruzuku ya kila nyumba ni yake, kisha auze hita na tangi, apande basi la Jumamosi mchana kwenda Johannesburg, na mtaa wa Masakhe umsahau.

Shida ni kwamba watu wa Masakhe hawadanganyiki hovyo. Mtu mwenye suti wanamfungia mlango. Mwenye fomu wanamfungulia mbwa. Lakini akija mtu wa ukoo wao, hata akiwa mlevi, hata akiwa amevaa gunia, kiti kinavutwa na birika linabandikwa jikoni. Phumezo alilijua hilo, na kichwani alikuwa na sifa za koo kumi na saba, yale majina ya mababu anayosalimiwa nayo mtu wa ukoo, alizozikusanya kwenye misiba ya watu asiowajua, ambako alikwenda kwa ajili ya chakula.

Jumatatu akagonga kwa MamTolo.

"Nani? Kama ni wa dini, nimeshaokoka. Kama ni wa kura, nimeshakoma!"

"Wa nyumbani, mama. Nimesikia hapa pana binti wa Tolo."

"Na wewe ni nani?"

"Tolo! Dlangamandla! Zulu! Mchenge!"

Ufagio ukaanguka. "Yoo, mwanangu! Sasa unasimama mlangoni kama mdai kwa nini? Ingia!"

Baada ya vikombe viwili vya chai na mkate wa mvuke, mambo yalikuwa yamenyooka. Hita na tangi vitakaa kwa MamTolo siku moja, mkaguzi atapita, fedha itaingia kwenye simu yake, nusu atampa mwanawe.

"Na hita nabaki nayo?" MamTolo akauliza.

"Hii ni ya kuonyesha tu, mama. Yako iko kiwandani, wanaipiga rangi. Ila usimwambie jirani. Nimewatafutia watu wa ukoo wetu peke yao."

"Mimi? Weee! Mdomo wangu kaburi."

Nyumba ya tatu kutoka pale, Phumezo alikuwa Bhele, Khuboni, Qunta, na MamBhele akamkaangia mayai. Penye kona akawa Zizi, Jama kaSijadu, na MaDlamini akafuta machozi kwa aproni. Kwa siku moja mtu huyu alizaliwa na baba watatu, na kila baba alimwachia mama mwenye jiko. Furaha ilimpanda hadi akawa anatembea huku anapiga mluzi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya MaMpinga, mjane aliyekuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja.

"Mpinga! Mawawa! Sintila!" Phumezo akashusha.

"Karibu, Mawawa," mama akasema bila kuacha kumenya viazi. "Baba yako nani?"

"Alifariki nikiwa mdogo, mama."

"Pole. Na babu?"

"Alifariki baba akiwa mdogo."

"Maskini! Ukoo wetu tunakufa na haraka zetu." Akaweka kisu chini, akatabasamu. "Niweke sahihi wapi?"

Phumezo alitoka pale akijiona mfalme. Hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa mtu akipewa sahihi bila kuombwa hata kitambulisho.

Kuhamisha hita kulihitaji saa ambayo mtaa hauna macho, na ukame ulikuwa umeleta saa hiyo wenyewe. Mabomba ya nyumbani yalikuwa yanakoroma tu. Kila asubuhi, saa kumi na mbili, wanawake wote wa mtaa walibeba ndoo zao hadi bomba la pamoja kando ya uwanja wa raga, wakapanga foleni saa mbili nzima. Ndani ya saa hizo mbili Phumezo na Mkhuseli, dereva wa pikapu ya kukodi, walikuwa juu ya paa na spana, wanashusha hapa, wanapandisha kule. Tangi, kwa kuwa mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka jana, lilikuwa jepesi kama mto wa manyoya.

Mkaguzi aliitwa Bwana Petersen, mtu mpole mwenye goti bovu, ambaye daktari alikuwa amemkataza ngazi. Alitazama kutoka chini. Siku ya tatu, kwa MaDlamini, akatazama zaidi ya kawaida.

"Ajabu," akasema. "Hita hii ina mbonyeo pembeni. Na ya jana ilikuwa na mbonyeo palepale."

Phumezo hakupepesa macho. "Ndiyo alama ya kiwanda, bwana. Siku hizi kuna feki nyingi. Ukiona hita haina mbonyeo, usigonge mhuri."

Bwana Petersen akaandika kwenye daftari lake. Siku ya nne, kwa MaMpinga, jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa mbonyeo, na alipouona akafarijika sana.

Ijumaa jioni simu nne zikalia mtaani. Fedha imeingia. Phumezo alikata tiketi ya basi, akanyoosha shati, na Jumamosi saa nne asubuhi akaanzia kwa MaMpinga kukusanya nusu zake na kushusha mali yake. Mkhuseli angemfuata na pikapu.

Alipokunja kona, akasikia vigelegele.

Uani kwa MaMpinga palikuwa na turubai. Palikuwa na sufuria tatu juu ya moto, pipa la pombe ya mtama, na wazee tisa waliokaa kwenye mabenchi na fimbo zao. Bwana Petersen naye alikuwepo, sahani mapajani. Kabla Phumezo hajageuka, mikono ikamdaka.

"Ndiye huyu!" MaMpinga akapaza sauti. "Mwana wa Mpinga aliyemwekea mama yake hita!"

"Mawawa!" wazee wakaitikia. "Sintila!"

Mzee Siyolo, mkubwa wa ukoo, akasimama kwa taratibu. Alisema ameishi miaka themanini na mbili, ameona vijana wa Mpinga wakienda migodini na kurudi na redio, na wengine kurudi na kikohozi tu. Lakini kijana anayerudi na maji ya moto kwa mjane wa ukoo hajapata kumwona. Mbuzi amechinjwa, amelia vizuri, mababu waliolala chini wamesikia na kukubali. Kilichobaki ni mwenye zawadi aonje kwanza.

Akaletewa nyama ya bega la kulia, ile inayoonjwa kwa niaba ya mababu, imechomwa juu ya jani, inatoa mafuta. Phumezo hakuwa amekula tangu jana, na ulimi wake ulikuwa umezoea kukubali kila kitu. Akaimeza. Vigelegele vikapasua anga.

Ndipo akashtuka, kwa sababu alikuwa ametoka kwenye misiba na sherehe za kutosha kujua alichokifanya. Kitu kilichopokewa kwa mbuzi, kikashuhudiwa na wazee, hakirudi kwenye pikapu.

Akajipenyeza hadi jikoni. Mama zake wote wanne walikuwa pale wanakata kabichi.

"MamTolo," akanong'ona, "ile nusu yangu..."

"Nusu?" MamTolo akashika kiuno. "Dlangamandla, unamtoza mama yako mzazi?"

"Mzazi gani?" akadakia MamBhele. "Huyu si wetu? Khuboni, mbona umekonda?"

"Jamani, niachieni Jama wangu," MaDlamini akasema, na hapo wote wanne wakaangua kicheko hadi kabichi ikaanguka chini.

Phumezo akaiokota kabichi. "Mlijua lini?"

"Jumanne," akasema MaMpinga. "Mwanangu, mtu anasimama foleni ya maji saa mbili kila asubuhi, unafikiri anaongea nini, hali ya hewa? MamTolo alitapika kila kitu kabla ndoo ya kwanza haijajaa."

"Nilikuwa na furaha," MamTolo akajitetea.

"Tukawaona na spana zenu juu ya paa la MamBhele. Uwanja wa raga uko mlimani, baba. Tulikuwa tunawatazama foleni nzima. Yule mwenzako anapanda ngazi vibaya."

"Sasa kwa nini mkaniacha?"

"Kwa sababu serikali ilikuwa bado haijalipa." MaMpinga akafuta kisu. "Lakini sisi si wezi. Ruzuku zote nne tumempa fundi wa dukani, amenunua hita tatu na matangi matatu, zinafungwa Jumatatu. Yangu mimi ni hii. Kwa hiyo kila alichoandika Bwana Petersen kitakuwa kweli tupu."

"Ile ni mali yangu!" Sauti ya Phumezo ilikuwa karibu na kilio. "Niliuza gari! Nitawaambia wazee!"

"Waambie. Simama mbele yao useme wewe si Mpinga, na ile nyama uliimeza kama nani. Ukikwama maneno, nitakutafsiria. Kazi hiyo naijua."

Phumezo akageukia mlango.

Nje pikapu ikapiga honi. Hapo akapata wazo la mwisho, lile la mtu anayezama. Akachomoa spana mfukoni, akatoka mbio hadi kwenye ngazi. Boliti nne tu. Akizifungua upesi, ateremshe hita upande wa nyuma, Mkhuseli aipokee, basi linaondoka saa sita.

Alikuwa ameshika boliti ya kwanza aliposikia makofi. Akatazama chini. Uani pote watu walikuwa wamesimama, vikombe juu.

"Hata kula hajamaliza!" Mzee Siyolo akasema kwa uchungu wa mapenzi. "Amekwenda kumkazia mama yake boliti!"

Wapwa wawili wa MaMpinga, wanaume wanene wanaocheza raga, wakaja kumshikia ngazi asianguke, na hawakuonyesha dalili ya kuiachia. Mkhuseli, alipoona sherehe, alizima gari na kwenda kutafuta sahani.

"Haina maji, Mawawa!" MaMpinga akaita. "Tujazie kabisa!"

Ndoo zikaanza kupanda. Moja ya MamTolo, moja ya MamBhele, moja ya MaDlamini, maji ya foleni ya asubuhi ile, mkono kwa mkono hadi juu, na Phumezo akayamimina, suruali imelowa, jua linamchoma kisogo. Akaunganisha bomba ambalo wiki nzima lilikuwa linaning'inia bila kazi. Akakaza boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne, kwenye barabara kuu likapita basi la Johannesburg, na dereva akapiga honi kuwaaga watu wa Masakhe.

"Imeshika, mwanangu?" MaMpinga akauliza kutoka chini.

Phumezo akaitikisa hita kwa mikono miwili. Haikusogea hata kidogo.

"Imeshika, mama," akasema, na yalikuwa maneno ya kwanza ya kweli aliyosema kama mwana wa Mpinga.