Malalamiko Dhidi ya Fuksia Iliyokataa Kufa

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Maua na Bustani,

Pokea salamu za mtu mzima aliyevumilia mpaka uvumilivu ukamkimbia. Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Nimeshona miaka thelathini na minne katika duka lile lile, kwa cherehani ile ile, na sijawahi kumwandikia mtu barua ya malalamiko, hata wale wateja walionenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua nguo, kisha wakaja kunilaumu mimi. Leo maji yamenifika shingoni, tena yakianzia utosini, kama utakavyoona.

Miezi saba iliyopita ulichapa makala ya kuwashauri wasomaji namna ya kuchagua fuksia za kuning'inia, zile zinazoteremka kwenye vikapu vilivyotundikwa na kwenye vyungu virefu. Mke wangu, mwalimu mstaafu, alinisomea makala hiyo kwa sauti, kwa sababu macho yangu yameishia kwenye matundu ya sindano na herufi zenu ni ndogo kama chawa. Tangu siku hiyo nyumba yangu si yangu. Malalamiko nayaweka kwa namba ili usipate pa kujifichia.

1. Uchaguzi. Ulisema mnunuzi asiwe na haraka. Mke wangu alitii. Tulikwenda kwenye kitalu cha miche mara nne. Alishika kila mche, akaukunja shina kuona kama unalegea au unakaza, maana ulisema wenye shina gumu haufai kikapu, utasimama wima wakati wenzake wanamwagika. Akamhoji muuza miche kama maua ni ya safu moja au mbili, kama yatavumilia joto, kama mwaka jana yalichelewa. Mwisho akachagua miche mitatu ya aina moja kwa kikapu kimoja, kwa sababu ulisema ukichanganya aina, mmoja hunenepa na mwingine hukonda. Ndugu Mhariri, mimi alinikubali kwa mchana mmoja, na hakunikunja popote. Sisemi nina wivu. Naeleza tu mambo yalivyokuwa.

2. Ushonaji. Maua yenyewe nimeyakagua kwa jicho la kazi. Nje kuna sketi nyekundu, imepasuliwa mara nne. Ndani kuna gaguro la zambarau lenye marinda. Yote yamevaliwa kichwa chini, na hilo ningelisamehe. Lakini chini ya gaguro zinaning'inia nyuzi ndefu ambazo hazikukatwa! Nane, nimezihesabu, na wa tisa mrefu kuliko zote. Mwanafunzi wangu angenikabidhi vazi la namna hiyo, ningemrudisha kufagia. Watu wanapita barabarani wanasimama, wanasema, "Jamani, uzuri ulioje!" Nyuzi, Ndugu Mhariri.

3. Kiti. Nilipofunga duka nilikuwa na mpango mmoja tu: kukaa kibarazani na mke wangu, yeye kiti chake na mimi changu, tuzungumze yale tuliyoyaahirisha tangu ujana, maana yeye alikuwa na madaftari ya kusahihisha na mimi nilikuwa na nguo za watu. Kikapu kikatundikwa juu ya kiti changu hasa. Kinadondosha maji. Wahenga walisema akili ni nywele, nami zangu zimebaki pembeni tu, kwa hiyo kila tone hupata njia iliyonyooka. Wageni wakija wanaamkia kikapu kwanza. Mke wangu naye akikaa, anakaa akitazama juu. Niseme wazi: nimeumia. Sikupanga kuzeeka nikishindana na mmea.

4. Upotoshaji. Hapa ndipo kosa lako kubwa lilipo. Niliamua kuiua fuksia hiyo. Nakiri. Sikutumia sumu, mimi ni mtu wa staha. Nilitumia ukurasa wako. Kila Jumatano mke wangu alinisomea maonyo yenu, nami nikatenda lile mlilolikataza.

Mliandika kwamba kivuli huiua fuksia. Nikahamisha kikapu kutoka ndoano ya mbele hadi ya pembeni, pasipofika jua la mchana. Ikachipua. Mke wangu akakihamishia kiti changu huko huko, eti nisiwe mbali.

Mliandika kwamba kukata ncha za matawi machanga ni kuikata roho. Nikachukua mkasi wangu wa vitambaa, ambao kwa bahati nzuri niliukuta umetundikwa msumarini karibu na mlango, nikakata kila ncha. Kila ncha ikarudi mbili.

Mliandika kwamba maji ya kila siku huozesha mizizi. Tangu hapo naamka alfajiri, napanda stuli, naimwagilia kwa chuki. Huu ni mwezi wa tano. Sijakosa hata siku moja, hata nilipokuwa na mafua.

Mliandika kwamba ua lililonyauka lisiguswe, wala yale matunda madogo meusi yanayobaki nyuma yake, la sivyo mmea utakufa kwa majonzi. Nimeyachuma yote. Majonzi hayo bado nayasubiri.

Je, gazeti linaruhusiwa kuchapa uongo wa namna hii? Mtu mwenye adui wa kweli akiwategemea ninyi, itakuwaje?

5. Heshima. Sasa kikapu kimemwagika hadi usawa wa kifua changu, na watu wa mtaa wa pili wanakuja kukiona. Wanampongeza mke wangu, wanasema ana mkono wa baraka. Yeye anatabasamu na kujibu, "Mimi? Wala siigusi." Wanadhani ni unyenyekevu. Nami siwezi kudai sifa, maana nitakuwa nimekiri kosa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: mchape masahihisho, mniletee mtu anayejua kweli fuksia hufa kwa nini, na huyo mtaalamu wenu ahamishiwe ukurasa wa michezo, ambako akikosea matokeo wasomaji watamshughulikia wenyewe.

Nisalimie wote hapo ofisini, mpiga picha, wapiga chapa, anayefunga magazeti kwa kamba na anayewachemshia chai. Hao sina ugomvi nao.

Ni mimi, mwenye kichwa kilicholowa,

Fundi Cherehani Mstaafu

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilitafuta anwani yenu, ambayo mmeificha chini kabisa ya ukurasa. Nikachukua kioo cha kukuzia nilichokuwa nikifumulia mishono myembamba. Kioo kikapita juu ya makala. Mliandika kwamba fuksia hupenda kivuli. Ncha zikatwe ili matawi yaongezeke. Imwagiliwe kila siku wakati wa joto. Maua yaliyonyauka na matunda yaondolewe. Nikayatoa magazeti yote ya nyuma nikayasoma. Maonyo niliyosomewa hayamo, hata moja.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe nilizishona mimi. Nikaenda kumuuliza. Mke wangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema darasani alijifunza kwamba mwanafunzi mkaidi humwambii afanye, unamwambia asifanye. Mkasi aliutundika yeye. Kisha akanieleza jingine, na hilo hakulicheka. Bega lake la kulia, lile lililoandika ubaoni miaka yote ile, limegoma tangu mwaka juzi. Mkono haupandi kupita kidevu. Kikapu alikitaka sana, ila alijua hatakifikia.

Mikono ya mtaa huu wote nimeipima, kutoka bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo. Wa mke wangu sikuuona. Nimeona aibu, Ndugu Mhariri, na nimemwambia hivyo.

Nilitaka kuongeza mnyororo ili kikapu kishuke hadi usawa wake. Amekataa. Anasema kikishuka, nitarudi kukaa tu.

Basi futa malalamiko yote, isipokuwa lile la nyuzi. Ndoano ya mbele iko wazi, kwa hiyo tushauri fuksia ya kikapu cha pili, yenye shina la kulegea. Na kama kuna wasomaji wanaoomba mkuze herufi za ukurasa wenu, nakusihi msiwasikilize. Jumatano huwa nasomewa.