Ombi la Kuhesabiwa kwa Watoto Wasiolala Nyumbani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Kugawa Majimbo,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi marahaba. Mimi sijambo. Mama mkwe wangu hajambo, ila magoti. Mume wangu, mlinzi wa benki huko mjini, hajambo. Kifungua mimba wangu, fundi umeme, hajambo, naye yuko mjini. Binti yangu mshonaji hajambo, yuko mjini. Mapacha wangu wachomeleaji hawajambo, wanagombana tu, hukohuko mjini. Kitinda mimba yuko chuo, mjini, anasema hajambo, lakini kwenye simu sauti yake ilikuwa ya mtu asiyekula. Sote wanane tunakusalimu wewe na wa kwako.

Sasa Mheshimiwa, nimesoma tangazo lenu mlilobandika mlangoni pa zahanati. Mnasema watu wetu wamepungua, kwa hiyo jimbo letu linafutwa na tunaunganishwa na mjini. Niwie radhi, sikubali, na sababu zangu ni hizi:

1. Karani wa sensa aliuliza nani alilala humu usiku ule. Nikasema kweli: wawili. Hakuuliza tuko wangapi! Vitanda vya watoto vyote vitano vimetandikwa, shuka nabadilisha kila Ijumaa, naye akavipita kama anapita duka la samani.

2. Sisi ndio tunaozaa, tunaokesha na surua, tunaofundisha kufunga vifungo. Mtoto akifika umri wa kupiga kura, mji unamhesabu. Mji ambao haujapangusa hata kamasi moja leo una wabunge watatu. Angalau mmoja ni wetu kwa damu. Tunaomba arudishwe.

3. Tumebaki wazee, na siasa nayo imezeeka. Zamani wagombea waliahidi madarasa. Safari hii mmoja alitugawia miwani ya kusomea, mwenzake fimbo. Wa tatu, ambaye nadhani hakutazama nani amekaa mbele yake, akaahidi uwanja wa mpira. Mama mkwe akamwambia, "Ahsante mwanangu, lete na miguu."

4. Kwa hiyo napendekeza mtu ahesabiwe pale anapowaziwa, si pale anapolala. Na kwa kuwa safari ya kuja kupiga kura inawachosha, nipewe karatasi za watoto pamoja na ya baba yao, niwapigie mimi. Nawajua. Mapacha nitawapigia vyama tofauti, wasije wakanuna.

Nakuomba usiyaone haya kuwa maneno ya mama mwenye wasiwasi tu. Jimbo likifutwa, zahanati itafuata, shule itafuata, na watoto wangu watakosa pa kurudi. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Wasalimie wajumbe wote, makarani, na huyo anayewachemshia chai. Nijibu upesi, hata mistari miwili inatosha.

Mimi mama wa watano,
nyumba ya mwisho nyuma ya shule.

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, binti yangu akapiga simu: amejifungua salama, mtoto wa kike, na hana wa kumsaidia. Jumamosi nahamia kwake; mama mkwe naye nimeshamfungia nguo. Jibu lako litume mjini. Tena nasikia zahanati ya mtaa ule ina foleni ya kutwa nzima, watu tumejaa kupita kiasi. Mkigawa majimbo, tafadhali tuongezeeni mbunge wa nne.