Hisa za Mafriji na Bangili za Shangazi

Jumatatu, 16 Novemba 1998
Heriel kanianza tena asubuhi na majivuno yake. Huyu Mchaga wa Moshi nimepanga naye nyumba moja hapa Guangzhou na tunachanga kontena moja. Upande wake keshajaza redio. Kaniuliza wangu utajaa lini, maana lori la kwenda bandarini Huangpu linaondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Nikamwambia ashughulike na redio zake.

Pesa ninazo. Shangazi Swalha kauza bangili zake zote kule Unguja, kanitumia nimnunulie vitu vya watoto vya kuchezea, auze sikukuu ya Idi viwanja vya Mnazi Mmoja. Lakini kununua Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, kila mtu anajua! Mimi nitanunua hisa kwanza, zipande, kisha nijaze kontena mpaka mlango ugome kufunga. Shangazi ataniombea dua.

Jumanne, 17 Novemba
Ofisi ya dalali wa hisa. Ukumbi, ubao mkubwa wa taa, wazee wanatafuna mbegu za alizeti na kutazama namba. Sisi wageni tunaruhusiwa hisa za aina moja tu, za soko la Shenzhen, kwa dola za Hong Kong. Haya. Nikachagua kampuni ya mafriji. Nikaomba nilione friji. Binti wa dirishani akasema hapa hawauzi friji, wanauza vipande vya kampuni. Nikaomba nione kipande. Hakuna! Biashara gani hii, unanunua usichokishika?

Bei dola tatu. Nikamtajia moja na nusu, ndivyo tunavyoanza Yide Lu. Akasema mashine haipokei: kwa siku bei haipandi wala haishuki zaidi ya sehemu moja ya kumi. Nikaondoka polepole, ili niitwe. Nikafika ngazini. Nikainama kufunga kamba za viatu. Sikuitwa! Tangu nije China sijavunjiwa heshima namna ile.

Jumatano, 18 Novemba
Nimeshaelewa. Mnunuzi anayetaja bei kubwa anatangulia, muuzaji anayetaka ndogo anatangulia, mashine inawakutanisha. Wakilingana, aliyewahi. Hakuna kujuana! Nikamwambia binti mimi ni mteja wa zamani, tangu jana. Hata hakuinua macho.

Basi nikatumia akili. Namba nyingine nyekundu, nyingine kijani. Mafriji yangu kijani kibichi, kama mpunga uliopata mvua. Nikanunua kwa pesa zote za shangazi. Binti akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Husuda tu! Wauzaji walikuwa tele, wakaniuzia papo hapo. Watu wema kabisa.

Ijumaa, 20 Novemba
Jana kijani, leo kijani! Baada ya sala nikampeleka Heriel kwenye mkahawa wa tambi wa Waislamu, nikamlipia nyama. Nikamshauri auze redio zake aingie kwenye hisa. Akasema redio akiiwasha inaimba, yeye hilo linamtosha. Maskini, hana upeo.

Jumatatu, 23 Novemba
Balaa! Mafriji yamegeuka mekundu, wekundu wa damu! Na wale wazee wanapiga makofi, wanashangilia hasara yangu. Nikakimbilia dirishani, nikauza zote. Zikagombewa. Nikasema wajinga ndio waliwao.

Kisha nikahesabu nilichopewa. Karibu robo haipo! Wizi wa mchana kweupe.

Jumanne, 24 Novemba
Nikamchukua Heriel, Kichina chake kinapita changu kidogo, twende tukamkabili binti. Nikafoka, nikafoka sawasawa. Heriel akatafsiri, akasikiliza jibu, halafu akakaa sakafuni akacheka mpaka machozi. Eti huku nyekundu ni kupanda, kijani ni kushuka! Akaniuliza sijaona harusi zao, kila kitu chekundu kwa ajili ya heri? Nimeziona, na pilau yao nimeila! Sasa mbona hawakuniambia? Dunia nzima kijani ni salama, hawa kawaruhusu nani kugeuza?

Usiku nimeziwaza bangili za shangazi. Nimeona uchungu.

Alhamisi, 26 Novemba
Heriel kanifuata mwenyewe mpaka Yide Lu. Pesa zilizobaki zinatosha: wanasesere, vigari, filimbi, robo tatu ya upande wangu. Laoban, yaani tajiri wa duka, kakubali nilipe kesho asubuhi apakie. Heriel akasema nimshukuru Mungu, shangazi atapata mzigo wake. Sipendi anavyonihurumia.

Ijumaa, 27 Novemba
Nilikuwa nakwenda kulipa, wallahi. Nikapitia ukumbini, wajue tu kwamba rangi sasa nazijua. Ubao mzima mwekundu! Mafriji yamepanda mpaka ukomo wa siku. Nikataja bei ya juu kabisa, nikangoja, nikapata. Pesa zote! Huenda aliyeniuzia ndiye aliyenunua zangu Jumatatu. Nimemweza.

Lori limeondoka, upande wangu mtupu. Heriel hasemi nami. Nimempigia simu shangazi. Keshakodi meza Mnazi Mmoja, na watoto wa mtaa mzima keshawaahidi. Nikamwambia atulie, Idi ipo kila mwaka. Akalia, kisha akanikatia. Adabu gani hiyo? Na simu nimelipia mimi!