Koti la Shemeji Likiona Jua

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya msimamizi wa maabara imetangazwa! Tuko wawili tu: mimi, miaka tisa kazini, na Shemeji, mdogo wa mke wangu. Niliyemtafutia kazi mwenyewe. Niliyempa chumba kwangu. Asante ya punda mateke. Profesa, mkuu wetu, ataamua Ijumaa, wageni wakija kuitembelea maabara.

Shemeji amepika rojo jipya la wanga wa mahindi, lenye chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ukilipaka ni kama maji. Likipigwa na jua, zambarau! Likirudi kivulini, hulioni tena. Kazi yangu ni kuandika lebo za chupa. Nimeandika zote. Chupa moja nimebaki nayo.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Shemeji hutoroka kila siku saa nne kwenda uani kumpigia mchumba simu. Wakati wa chakula nimechukua brashi, nikaandika mgongoni mwa koti lake la kazi: MTORO. Limekauka, halionekani. Ijumaa akisimama juani mbele ya Profesa, kwisha habari yake. Nimecheka peke yangu mpaka mfagizi akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Mke wangu kafua makoti yetu yote mawili kwa ajili ya wageni. Nilimwambia la mdogo wake safi. Akaniuliza tangu lini najua safi na chafu. Akaloweka, akasugua. Mvua ikanyesha, akaanika ndani. Hakuna rojo letu lililowahi kustahimili sabuni. Basi tena.

Alhamisi, 7 Machi
Jua! Shemeji akiwa bafuni nimelipeleka koti lake dirishani. Herufi zote tano zimeibuka! Mungu si Athumani.
Nimemwambia mke kwamba koti langu limekatika kifungo. Amesema ameshaona, nimwachie yeye. Ametufungia makoti kwenye mifuko, kila mtu na wake.

Ijumaa, 8 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.
Wageni wamefika. Nikawaambia twende uani, kuna mwanga mzuri wa picha. Nikatangulia, nimevaa koti, kifua mbele. Nyuma yangu kicheko. Nikacheka nao, tena kwa nguvu kuliko wote. Nikageuka kumtazama Shemeji. Koti lake jeupe pe. Na kifungo hakipo.

Mke wangu alikosa kifungo kinachofanana. Akaona mimi ndiye mkubwa, nivae lililo zima.

Profesa akausoma mgongo wangu polepole. Akasema ile T yenye mkia anaijua, iko kwenye kila chupa. Kisha akauliza kama koti limefuliwa. Nikasema ndiyo, kwa sabuni. Akapiga makofi! Rojo la kwanza kustahimili sabuni! Wageni wote wakamzunguka aliyelipika. Ndiye msimamizi. Jamani, nimeona haya.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji kanitafutia kifungo kinachofanana. Kakishona kwenye koti langu, yeye mwenyewe. Nilitaka kulia.
Nimetafakari siku nzima na kosa langu nimeliona: mwandiko. Hasa ile T. Kuanzia leo najifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Chupa bado ina nusu.