Siku Niliyomkosoa Marehemu Maalim

Jumatano, 8 Oktoba

Nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, na madaktari walionikataza chumvi nao nimewazika.

Leo mwanangu Hamimu amekataa tena. Mjukuu wangu Hayat, bintiye, anataka kujifunza ufundi garajini, hapahapa Buyenzi. Hamimu anasema marehemu Maalim Huseni, mshairi wetu mkubwa, aliimba kwamba mwanamke akishika chuma, nyumba yake inapoa. Nikamwambia Maalim alikuwa na maneno matamu, lakini hata tangi la gari hakujua liko wapi. Baba, astaghfirullah, akasema.

Hayat amelia. Basi! Nitamkosoa Maalim. Mi siogopi maiti.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwendea Ilyasi, anayeghani mashairi ya Maalim kila harusi. Nikamwomba kwenye harusi ya Jumamosi auruke ubeti ule. Akasema we muzee, hata ubeti mmoja hujawahi kutunga, utamkosoa Maalim? Nikamjibu hata kupika sijui, lakini supu ya mke wake imezidi chumvi na nimeijua.

Nimefukuzwa. Supu sikumaliza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Harusi ya Waridi, binti wa jirani. Desturi yetu: Ilyasi anaghani ubeti, watu wote wanaitikia "Kweli!" Mpango wangu: niitikie "Apana!"

Nimesimama. Nimenguruma kama simba. Apana!

Nimekosea ubeti. Ulikuwa ule wa kumwombea bibi harusi watoto.

Mama Waridi amenirushia ndala. Hamimu ananivuta kanzu, mi napiga kelele kwamba ni ubeti unaofuata! Ndipo Bi Raihana, mjane wa Maalim, akanyamazisha watu. Akasema ubeti huo wa chuma yeye mwenyewe aliupinga miaka yote: Maalim alikula kwa duka la mkewe la vipuri vya magari. Mumewe alicheka tu, akasema anasubiri msikilizaji mmoja ambishie. Kisha Bi Raihana akamwambia Ilyasi aghani, kila mtu aitikie anavyoona.

Wengine "Kweli!" Wengine "Apana!" Hamimu kaiachia kanzu yangu. Kwa Hamimu hiyo ni nusu ya ndiyo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Hayat amerudi kutoka garajini na grisi mpaka kwenye nyusi, anacheka. Hamimu mwenyewe kampa sabuni.

Nami nimetunga shairi langu, refu, linanisifu mimi. Hayat kasema ubeti wa pili si kweli, sijawahi kuendesha lori mpaka Kigoma. Nimemfokea: mashairi ya wakubwa hayakosolewi!

Anayebisha haya yote amuulize Bi Raihana. Mama Waridi asiulizwe kwanza. Ndala ya pili bado anayo.