Ugane Wangu wa Siku Mbili

Jumatatu, 21 Oktoba

Mwenyekiti Tak ametangaza kwenye kipaza sauti mara tatu, kana kwamba kijiji kizima ni viziwi. (Wengi ni viziwi.) Watafiti sita wamekuja kutoka chuo kikuu. Sayansi ya jamii! Nilidhani ni sayansi moja. Kumbe ni ukoo mzima: sosholojia, anthropolojia, uchumi, siasa, demografia, jiografia. Watalala ukumbini hadi Jumamosi, kisha watachagua kaya moja ya kuifuatilia miaka kumi. Kitatoka kitabu. Picha ya kaya kwenye jalada!

Lazima iwe kaya yangu. Sababu? Guk Chang-dal anataka iwe yake. Huyu ni jirani yangu, na tulisoma pamoja tangu darasa la kwanza. Persimoni zake, tunda tunalolima hapa, zimeshinda maonyesho ya wilaya mara sita. Zangu zilitajwa mara moja, na jina langu wakalikosea.

Mke wangu amepanda basi kwenda mjini Daegu kumsaidia binti yetu Geum-hui kuhama nyumba. Atarudi Jumapili. Ameniagiza nimenye persimoni, nizitundike zikauke, na nisifanye jambo lingine lolote. Uwanja ni wangu.

Jumanne, 22 Oktoba

Amekuja Bwana Ma, mchumi. Maswali hamsini. Nimejibu kweli tupu: mke mmoja, binti mmoja, miti tisini. Dakika kumi na moja! Akafunga kompyuta, akainama, akaniachia taulo ya zawadi. Kwa Guk watafiti wamekaa saa tatu nzima. Vicheko vyao nimevisikia mpaka kwangu. Na harufu ya chapati za vitunguu.

Kweli haina soko. Nimekaa barazani kuwachunguza hawa wachunguzi, na sasa nimewaelewa. Nikinunua koleo, mchumi anauliza kwa nini si jembe. Wa sosholojia anauliza nani aliniona nikinunua. Wa siasa anauliza nani hakutaka ninunue. Wa jiografia anapima umbali wa duka. Bi Seol wa anthropolojia haulizi chochote. Anakaa chini na kulitazama koleo. Kila mmoja ana njaa yake. Basi kila mmoja nitampikia chake.

Jumatano, 23 Oktoba

Kazi safi!

Bwana wa demografia ana uso wa mtu aliyefiwa. Kijijini hajazaliwa mtoto kwa miaka kumi na miwili, na yeye ndiye wa kuhesabu. Nikamwonea huruma. Nikampa watoto tisa. Aliandika mara moja, kwa furaha.

Wa siasa nimemwambia niligombea uenyekiti mara saba na mara zote nikaibiwa kura. (Niligombea mara moja. Nilipata kura mbili: yangu, na ya mtu nisiyemjua hadi leo. Mke wangu anaapa si yeye.)

Kisha Bi Seol. Msichana mpole, anakula polepole. Akauliza bibi yuko wapi. Sikusema uongo! Nilitazama mlima tu, kule tunakozika. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Jamani, babu, pole sana." Ningemkatiza? Nikamweleza tabia za mke wangu, na kwamba kila jioni humtengea marehemu bakuli la wali. Akalia. Nami nikalia kidogo, maana nilieleza vizuri.

Guk hana marehemu. Guk hana la kunifanya.

Alhamisi, 24 Oktoba

Bi Seol amerudi saa kumi na moja jioni kuliona bakuli. Nimepika wali. Nimeitoa picha ya mke wangu sandukuni na kuifunga utepe mweusi uliotoka kwenye boksi la soksi. Ilipendeza.

Hapo hapo akaingia Guk, bila hodi kama kawaida yake, kuazima ngazi. Akaona picha. Akaona utepe. Akaona Bi Seol anafuta macho.

"Man-sik, mwendawazimu wewe! Mama Geum-hui kafariki, na umenyamaza?"

Nilifungua mdomo. Bi Seol alikuwa ameshika kalamu. Nikaufunga.

Guk akapiga magoti mbele ya picha, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka sabini na moja. Akasema mama yake alipougua, mke wangu alimpelekea uji kila asubuhi, msimu mzima wa baridi. Sikulijua hilo. Miaka ishirini imepita, na hakuniambia! Guk akanishika mkono akasema nisihangaike na lolote, yeye yupo. Akaondoka akilia. Ngazi akaisahau.

Sijisikii vizuri. Ule wali nimeuacha bila kuula.

Ijumaa, 25 Oktoba

Balaa. Kipaza sauti, saa kumi na mbili asubuhi: "Kwa masikitiko makubwa..."

Nilipofika uani, Guk na wenzake walikuwa wameshafunga turubai. Wanawake wanakata figili, sufuria kubwa ya mchuzi mwekundu wa msibani inachemka. Watafiti wote sita wapo, daftari mikononi, nyuso zinang'aa kwa heshima. Nikamvuta Mwenyekiti Tak kando, nikamwambia kuna kosa dogo: hajafa. Tak akanikumbatia. Akasema hata yeye alipofiwa hakuamini, nikae, ninywe maji. Nikauliza kama kuna aliyempigia Geum-hui. Tak akasema amekataza, mtoto aachwe na uchungu wake. Mwili, akasema, bila shaka uko njiani kutoka Daegu.

Kwa namna fulani ulikuwa njiani. Basi la saa sita.

Mke wangu aligombana na mkwe wetu juu ya mahali pa kuweka kabati, akaamua kurudi mapema. Ameingia uani na boksi la dagaa kichwani.

"Nani kafa?"

Mke wa Guk akadondosha upawa. Mtu akapiga yowe. Guk akakaa chini palepale. Bwana wa demografia akafuta kitu kwenye daftari.

Mke wangu akautua mzigo. Akaitazama picha. Akanitazama mimi.

"Baba Geum-hui. Nilikufa na nini?"

Nikasema moyo. Ghafla. Bila maumivu.

"Moyo wangu ni mzima. Wa kwako tutauangalia baadaye."

Kisha akavua koti, akaonja mchuzi, akasema chumvi haijakolea na figili ni nene kama matofali. Akajikalia katikati ya turubai, akajipakulia bakuli, akaamuru kila mtu arudie, mmoja mmoja, yale mazuri aliyosema juu yake. Na wakarudia! Jioni walikuwa wanaimba. Guk alicheka hadi akakohoa. Mimi nilipangiwa kuosha masufuria.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ukumbini. Profesa Ok wa sosholojia, mama mwenye miwani ya kamba, ndiye mkuu wao. Akabandika karatasi ukutani na kusoma taratibu: kaya namba kumi na nne. Mgane. Anaishi na mkewe. Watoto tisa, mmoja anajulikana. Ameibiwa chaguzi saba katika kijiji kilichofanya chaguzi nne.

Walicheka wote, hadi wa jiografia. Nikasimama, nikainama, nikaomba radhi. Kwa Bi Seol niliinama mara mbili. Akasema, "Babu, bakuli lilikuwa uongo. Lakini vile ulivyomwelezea bibi, navyo ni uongo?"

Kaya yetu imechaguliwa! Lakini mhojiwa mkuu ni mke wangu. Mimi nimeandikwa chini ya "wengineo". Picha ya jalada wameshapiga: mke wangu na Guk, wameshika persimoni za Guk. Kiwiko kilichotokeza pembeni kushoto ni changu.

Tulipofika nyumbani mke wangu akaniuliza nilimwambia nini yule msichana. Nikamwambia. Kwamba akimenya persimoni huimba wimbo uleule na kukosea palepale kila mwaka. Kwamba soksi zangu huzipasha kwenye sakafu ipashwayo moto kwa chini kabla sijaamka. Kwamba nyumba bila yeye ina mwangwi.

Akaniuliza kama persimoni nimezimenya. Nikasema kumi na moja. Akaniita mpumbavu, akaniwekea kipande cha samaki cha tumboni, kile anachokipenda yeye.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimeapa mbele ya mke wangu: sitamdanganya mtafiti tena. Nimeapa kwa dhati, na kwa mkono juu.

Mchana Mwenyekiti Tak amenidokeza kwamba masika wanakuja wanahistoria. Wanatafuta familia zenye nyaraka za kale.

Hawa si watafiti wa jamii. Ni fani tofauti kabisa. Kiapo hakiwagusi.

Nimechovya karatasi nne kwenye kahawa ili zizeeke. Ni kahawa ya pakiti, ile yenye maziwa na sukari. Hakukuwa na nyingine. Zinanata, na sisimizi wameshazipata. Lakini rangi ni ya miaka mia mbili! Babu yangu wa sita alikuwa waziri. Au jenerali. Nitaamua zikikauka.