Nadhiri ya Beberu Waziri

Jumanne, 5 Agosti 2025
Kwako Shajara, kwa heshima na taadhima. Madhumuni ya maandishi haya ni kuweka kumbukumbu kwamba mimi, Mansur wa Mambrui, nimeteuliwa kuigiza filamu. Si zile za kurushiana ngumi. Bi Dhwani, mwongozaji, ameeleza kuwa hii ni ya kutafakari: mabomu ya nyuklia yanakaribia kuiteketeza dunia, na baba mmoja anamwahidi Mungu atatoa akipendacho ili vita visitokee. Baba ni mimi! Jirani yangu Omar aliitamani sana nafasi hiyo. Amepewa ya maiti.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumepiga picha korongoni, Marafa. Maneno niliyopewa yalikuwa duni: "Mungu, nitatoa kila kitu." Kitu gani hasa? Nikayarekebisha bila kumsumbua Bi Dhwani. Nilipiga magoti, nikatamka: "Ewe Mola, naweka nadhiri mbele yako. Vita hivi visipotokea, nitamchinja beberu wangu Waziri, na majirani wale." Bi Dhwani alifuta machozi. Maiti alifumbua jicho moja.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya sala Omar alifika na majirani. Sufuria wamekuja nayo. Nilifafanua kwa utaratibu kwamba yale yalikuwa maigizo.
"Shekhe Mansur," akasema, "vita vimetokea?"
Nikakiri kuwa havijatokea.
"Basi mlete Waziri."
Waziri, ambaye mimi humlisha mkate kwa mkono wangu! Nikapendekeza tusubiri, huenda vikatokea kesho. Mke wangu Sahla aliuliza kama naiombea dunia iungue kwa ajili ya mbuzi. Mimi nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekata rufaa kwa Ustadh. Aliuliza ni nani aliyenituma kumtaja Mola na mbuzi katika sentensi moja. Mbele ya mashahidi, tena. Akaniamuru nitimize. Redioni, mataifa makubwa yamekubali kuzungumza. Hayana huruma hata kidogo.

Jumapili, 10 Agosti
Waziri ameliwa kwa pilau. Kwa maiti, Omar ana hamu kubwa ya chakula. Mimi nilionja wali tu, nikatoka nje.
Jioni Bi Dhwani alipiga simu: upepo uliharibu sauti, tukio litarudiwa Jumatano. Nimekubali bila kusita. Lakini nadhiri lazima iwe na uzito, na mbuzi sina tena. Nimeamua kutaja mashine ambayo Sahla hugandishia barafu zake za kuuza. Yeye bado sijamwarifu.
Limebaki jambo moja. Naomba uamuzi: niseme friji, au jokofu?